Ukoo Usio na Doa

Mtaani walimwita Babu Vifaranga, na jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa suti ya harusi. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne: viwili vya watu, viwili vya kuku. Wageni walimtania kwamba kuku ndio waliopewa vyumba vyenye madirisha mazuri, naye hakukanusha. Katika chumba cha nyuma zilisimama mashine tatu za kutotolea mayai, kubwa mfano wa makabati, zikinguruma taratibu, na joto lake lilimtoa mtu jasho kabla hajamaliza salamu. Humo ndimo alimotolea mihadhara yake.

"Damu haidanganyi," alimwambia kila mteja, huku ameinua yai mbele ya tochi ili mishipa myekundu ionekane imetapakaa ndani. "Kuku ni mambo mawili tu, alikotoka na anachokula. Chakula utabadilisha. Alikotoka utapabadilishaje?"

Jogoo wa mbegu hakuingia bandani kwake kabla ya kukaguliwa vidole, kilemba, kifua na macho. Kifaranga akitoka na mdomo uliopinda, jogoo aliyemzaa hakulala tena pale. Alikwenda chunguni siku hiyohiyo. Kwa ukali huo vifaranga vyake vilisifika, na watu walivifuata kutoka mbali. Ubaya ni kwamba mzee huyu hakuishia kwa kuku. Na binadamu nao aliwatazama vidole.

Alikuwa na binti mmoja, aliyemlea mwenyewe tangu mkewe alipofariki. Binti aliolewa na fundi umeme, kijana mpole wa maneno machache, wakapata mtoto wa kike ambaye sasa alikuwa na miaka minne. Watu walimwita Kicheko. Alicheka akiamshwa, alicheka akiogeshwa, alicheka hata akidungwa sindano. Lakini hakusema neno, hata "mama". Alitembea kwa miguu iliyotanuka, mikono juu, kama mtu anayevuka mto. Usingizi wake ulikuwa wa kuibaiba, na kifafa kilimwangusha mara kwa mara. Alichokipenda kuliko vyote ni maji: mpe beseni, atayapiga kwa viganja mpaka vidole vinyauke.

Siku moja kifafa kilimwangusha mbele ya familia zote mbili, kwenye chakula cha mchana nyumbani kwa Babu. Kilipopita, wa kwanza kusema alikuwa mwenye nyumba. Ng'ambo ya meza alikaa mama wa mkwewe, mjane aliyeishi kwa kushona sare za shule, ambaye wote walimwita Mama Cherehani.

"Mkwe," Babu alimwambia akipangusa mikono, "hivi yule shemeji yako aliyekuwa akianguka njiani, alikuwa anaumwa au analewa?"

"Alikuwa analewa, mkwe."

"Aa. Haya. Ndivyo tunavyosemaga." Akaegemea kiti. "Mimi bandani kwangu nikiona kifaranga kilema, simsumbui mtetea. Namtazama jogoo. Halafu namtazama aliyeniletea jogoo."

Mtu mmoja alicheka kwa kukosa la kufanya. Mama Cherehani alikunja kitambaa chake, akakikunja tena, akaaga kwa adabu, na tangu siku hiyo hakukanyaga kizingiti kile. Mwanawe alikuwa amekiweka kichwa cha mtoto mapajani, anamfuta mate. Lakini neno likishaingia sikioni halitolewi kwa kijiti. Lilimwingia fundi umeme, likakaa, likazaa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja binti akamkuta baba yake kwenye chumba cha mashine akigeuza mayai.

"Baba, mwenzangu anataka tuachane."

"Amekupiga?"

"Anipige? Mtu ambaye hata mbu anamfukuza kwa upole?" Binti aliketi juu ya gunia la pumba. "Anasema ananiharibia uzazi. Anasema damu yake mbovu, mimi ningali kijana, nitafute mwanamume mwenye damu safi nizae watoto wazima. Anapanga nguo zake kwenye begi huku analia. Mimi nazitoa, yeye anazirudisha."

Babu aligeuza yai jingine. "Leo kwa mara ya kwanza kijana huyo amesema la maana."

Binti alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu kwenye umati. Kisha akasema, "Daktari wa ubongo ametuita Alhamisi. Majibu ya damu yametoka. Zile tulizotoa wote."

Damu hizo Babu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzitoa. Hospitali ilipoomba damu ya wazazi wa mtoto, na ya babu na bibi waliopo, alikunja mkono wa shati kabla hajaombwa. "Chukua ya kutosha, binti yangu," alimwambia muuguzi. "Hii ni ya mfano."

"Nitakuja," alimjibu binti sasa. "Na mama yake fundi naye aje. Jambo kama hili lisikiwe na masikio ya kutosha, ili kesho pasiwe na maneno."

Alhamisi alivaa suti ya kahawia na viatu vilivyong'aa. Chumba cha daktari kilikuwa chembamba, na feni iliyozunguka kwa kusitasita, na juu ya meza ubongo wa plastiki ambao kipande chake kimoja kilishapotea. Pembeni kulikuwa na sinki. Kicheko alilifuata moja kwa moja, mama yake akamfungulia maji kidogo, naye akaanza kuyapiga akicheka. Babu alichukua kiti cha mbele. Mama Cherehani alikaa nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyeitwa kusomewa shitaka.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko binti wa Babu. Alianza kwa kumtazama fundi umeme.

"Baba mtoto, wewe kwako hatukuona kitu. Wala kwa mama yako."

Fundi alisogea mbele. "Samahani, daktari. Rudia."

"Hamna kitu. Hitilafu tumeiona kwa mtoto, kwenye jeni moja inayofanya kazi kwenye ubongo. Mama yake mtoto anayo hiyohiyo." Akafungua ukurasa wa pili, akapunguza sauti. "Na yeye ameipata kwa baba yake."

Kilichosikika ni maji tu, na kicheko cha mtoto.

"Mmechanganya chupa," Babu alisema.

"Tumepima mara mbili, mzee."

"Mimi?" Akajigonga kifua. "Mimi ninayesema, ninayehesabu, niliyejenga? Ugonjwa huo ungekuwa wangu si ungeanza kwangu? Daktari, wewe umesoma, sikatai. Lakini mimi nimezalisha kuku maisha yangu yote. Ubaya ukiwemo kwenye mbegu, hauchagui umepita kwa jogoo au kwa mtetea. Ni uleule."

Daktari hakucheka, na afadhali angecheka. "Kwa kuku uko sahihi kabisa, mzee. Ndege hawana jambo hili. Liko kwa wanyama wanaonyonyesha, na sisi tumo."

Ndipo akaeleza, taratibu, huku akichora. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya mama, moja ya baba, na kwa kawaida mwili husoma zote. Lakini zipo chache zenye alama. Alama hizo ni vitu vidogo vya kikemia. Hazibadilishi yaliyoandikwa, zinaamua tu nakala ipi isomwe na ipi inyamaze. Jeni hii, ndani ya chembe za ubongo, husomwa ile ya mama. Ya baba hunyamazishwa.

"Kwa hiyo hitilafu ikitoka kwa baba, iko kwenye nakala iliyonyamaza. Haimdhuru mtu, atasoma, atafanya kazi, hatajua kamwe. Ndivyo ilivyokuwa kwako, mzee, na ndivyo ilivyokuwa kwa binti yako. Ila mwanamke anapotengeneza mayai yake, alama alizorithi hufutwa, zinawekwa mpya, za kike. Nakala ileile iliyokuwa kimya kwake, kwa mtoto wake ndiyo inayotegemewa. Na nakala hiyo ina kasoro. Ubongo unaanza kujijenga, unatafuta maelekezo ya mama, hayapo. Na ya baba, ambayo ni mazima, yamefungwa."

Fundi umeme alikuwa ameukodolea macho mchoro. "Ni kama nyumba iliyovutiwa nyaya mbili," alisema polepole. "Mmoja una umeme, wa pili umezimwa kwenye nguzo. Huo uliozimwa hata ukikatika, nani atajua? Taa inawaka. Mpaka siku watakapobadilisha, wauwashe huo."

"Karibu hivyohivyo," daktari alisema.

"Kwa hiyo ningeolewa na mwingine," binti alisema, akitazama sakafu, "ningekwenda nalo."

"Ungekwenda nalo. Kila mimba yako, nusu kwa nusu, mume awe yeyote. Lakini sasa tunajua, na tukijua tunaweza kupima mapema na kupanga. Na nisikilizeni, hili nawaambia watu wote wanaokaa kwenye viti hivyo: si kosa la mtu. Hakuna aliyechagua damu yake."

Babu alilisikia neno hilo la huruma likimpita kando. Damu hakuichagua, kweli. Ule mdomo pale mezani je, nani alimchagulia? Masikio yalianza kumuwaka. Nyuma yake alimsikia Mama Cherehani akihema, pumzi moja ndefu, kama aliyetua ndoo kichwani.

"Swali la mwisho, mzee," daktari aliendelea. "Inawezekana hitilafu hii ilianzia kwako. Inawezekana pia ulirithi kwa baba yako, na kama ni hivyo, ndugu zako wanaweza kuwa nayo. Wewe una dada?"

"Yupo."

"Shangazi ana binti, mwalimu," binti alidakia. "Ana mimba changa."

Daktari aliinua kalamu. "Basi nisaidie, mzee. Kwa dada yako, au ukoo wowote wa kwenu, kuna mtoto aliyewahi kuwa hivi? Asiyesema, mwenye kifafa, anayechekacheka? Kama yupo, huyo mwalimu namtaka wiki hii. Kama hayupo, tutamwita, lakini bila kumtia presha."

Watu wote walimtazama. Aibu hiyo ilitosha. Siku moja, chumba kimoja, mbele ya Mama Cherehani, ambaye yeye ndiye aliyemdhalilisha. Kwa kweli ilitosha.

"Hayupo," alisema. "Kwetu wote wazima."

Mwishoni mwa korido mguu wake ulikosa ngazi, na mkono uliomdaka ulikuwa wa mkwewe. "Taratibu, baba," fundi alisema, na machoni mwake hamkuwa na kisasi, mlikuwa na machozi ya mtu aliyefunguliwa pingu. Mama Cherehani alisimama chini akiwasubiri. Babu alijikaza kwa lolote litakalotoka. Angekuwa yeye, asingeiacha nafasi hiyo ipite.

"Pole, mkwe," mama yule alisema. Basi. Akampa mjukuu mkono, wakatangulia.

Ile pole ilimuuma kuliko kofi. Siku tatu hakuweza kumtazama mtu. Wateja walikuja, wakangoja mhadhara, hawakuupata. Mmoja aliyezoea utani alisema, "Vipi Babu, leo damu imenyamaza?" naye akalirudisha yai kwenye trei bila kulipima, akasema kichwa kinamuuma.

Hakikuwa kichwa. Ni kwamba alikuwa ameshaijua mikono ile zamani. Kicheko alipokuwa na mwaka na nusu, siku alipowekwa kwanza kwenye beseni akainua viganja na kuyapiga maji, Babu alisimama mlangoni, akajua. Alishaiona. Aliiona kwa mtoto wa dada yake, katika nyumba hiyohiyo, enzi hizo ikiwa na vyumba viwili. Aligeuka akaenda bandani, akajishughulisha na kuku mpaka ujuzi ule ukalala. Nyani haoni kundule, wanasema. Huyu aliliona, akalikalia.

Siku ya nne binti alimletea chakula. Alikuwa mchangamfu kidogo. Begi la mume lilikuwa limerudi juu ya kabati, tupu.

"Nimempigia binti wa shangazi," alisema akifunua sahani. "Alishaanza kuogopa, mambo ya hapa yamemfikia. Nikamwambia asihangaike, baba mwenyewe amemhakikishia daktari kwamba kwenu hakuna mwingine. Akashusha pumzi! Akasema, mwambie mjomba namshukuru mno, nilikuwa nimeshaomba ruhusa shuleni niende kupima, sasa siendi."

Babu aliweka kijiko chini.

"Chumvi imezidi?"

"Hapana, mama. Nipe viatu vyangu."

Dada yake alikaa upande wa pili wa mji, katika chumba na sebule vyenye ua wa nyuma; ukutani sebuleni ilining'inia picha yake ya ujana, amebeba mtoto. Alikuwa mkubwa kwake, mstaafu wa kufua mashuka ya hospitali, na mpaka leo hakuona nguo chafu akatulia. Alimkuta ameinama juu ya karai, povu mpaka viwikoni.

"Kaka mtu mzito," dada alisema bila kuinuka. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umepotea njia. Kaa hapo kwenye kigoda, angalia suruali isilowe."

Alikaa. Alianza na daktari, akaingia kwenye nakala mbili, akapotea, akarudi, akasema ya nyaya za mkwewe, akapotea tena. Dada aliendelea kusugua. Mwishowe akaliacha lote, akasema, "Ninayo mimi. Imetoka kwa baba yetu. Na wewe ulipewa. Yule mtoto wako, alikuwa hivihivi kama Kicheko. Haikuwa dhambi yako."

Mikono ya dada ilisimama ndani ya povu.

Haya ndiyo yaliyokuwa kati yao. Dada alimzaa yule mtoto kabla ya ndoa, na Babu, wakati huo kijana anayetafuta mke na jina, alimwambia kwamba Mungu amemlipa kwa uhuni wake. Wazee wa upande wa mchumba walipokuja kuitazama nyumba, aliwafungia dada na mtoto stoo. Mtoto akacheka, sauti ikapenya, wazee wakauliza. Akawaambia ni watoto wa jirani. Baadaye, mtoto alipoonekana na watu, alisema ni yatima ambaye dada yake anamlea kwa huruma, na akamwamuru dada aseme hivyohivyo. Kifafa kilimchukua mtoto yule kabla hajabalehe. Siku ya mazishi Babu alipeleka trei za mayai kwa ajili ya waombolezaji. Mwenyewe hakwenda, alikuwa na vifaranga vya kuangua.

"Mimi nilidhani ni dawa niliyokunywa," dada alisema taratibu. "Nilikunywa majani fulani mwanzoni, nikiitaka mimba itoke. Nikaacha. Akazaliwa vile. Maisha yangu yote, kaka, nimejua kwamba nilimchoma ubongo kwa mkono wangu. Nikioga najua. Nikila najua. Na wewe ukaniambia ni kweli, nimelipwa."

"Haikuwa majani."

"Nimekusikia." Alijipangusa uso kwa mkono wa juu, pasipo povu. "Lini umejua?"

"Alhamisi daktari alisema."

"Nakuuliza wewe lini umejua."

Akatazama chini. Maji ya sabuni yalikuwa yamefika kwenye soli ya kiatu chake. "Kicheko alipowekwa kwenye beseni," alisema. "Na Alhamisi daktari ameniuliza mbele za watu kama kwetu yupo mwingine. Nimesema hayupo. Na binti yako kaambiwa hivyo. Ameghairi kwenda kupima."

Dada alinyanyuka. Alikuwa mfupi, mzee, amelowa, lakini Babu alijikuta anarudi nyuma juu ya kigoda.

"Umemzika mara ya pili," alisema. Hakupaza sauti. "Basi kaa hapohapo. Anatoka shule sasa hivi, anapitia hapa kila siku. Mimi simwambii. Utamwambia wewe, kwa mdomo huohuo."

"Dada, wewe ndiye mama. Maneno haya yangetoka kwako..."

"Mimi niliambiwa ninyamaze. Nimenyamaza vizuri."

Dada alisuuza, akaanika, akasuuza. Babu alijaribu kupanga sentensi, kila moja ikaanzia kwenye jeni na alama, na kila moja ikaonekana kama mtu anayejificha nyuma ya daktari. Alitamani mvua inyeshe, aitwe, augue ghafla. Mlango wa mbele ukagongwa.

Mwalimu aliingia na mkoba wa madaftari begani, gauni limeanza kumbana tumboni. Alipomwona, uso ukafunguka. "Ah! Mjomba! Shikamoo!"

Babu alifungua kinywa. Marahaba ni neno jepesi, mtu hulitoa hata akiwa usingizini, lakini hakulitoa. Aliona si haki yake.

"Keti, mwanangu," alisema.

"Mjomba, mbona hivyo? Kuna msiba?"

"Keti. Yule mtoto wa kwenye picha ya mama yako, aliyebebwa." Akaelekeza kidole sebuleni. "Unaambiwa alikuwa nani?"

Mwalimu alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amewapa mgongo akikamua shuka. "Yatima. Mama alimlea kabla sijazaliwa. Si ndiyo?"

"Hakuwa yatima. Alikuwa kaka yako, tumbo moja. Mimi ndiye niliyesema ni yatima, kwa sababu nilimwonea aibu. Alikuwa kama Kicheko. Vilevile. Na daktari aliniuliza, nikamkana tena. Kesho, mwanangu, nenda kapime. Usingoje keshokutwa. Nitakwenda na wewe, nitamwambia daktari mwenyewe kwamba nilisema uongo."

Mkono wa mwalimu ulikuwa umeshuka tumboni, umetulia pale. Babu alingoja kilio, alingoja matusi, na vyote angevipokea kwa shukrani. Lakini mpwa wake alikuwa mwalimu, mtu wa kuita mahudhurio kila asubuhi, na alichouliza ni kitu kidogo tu.

"Kaka yangu alikuwa anaitwa nani?"

Babu alitafuta. Alikumbuka kicheko kile kikipenya mlango wa stoo, alikumbuka viganja, alikumbuka hata idadi ya trei alizopeleka. Jina hakulipata. Hakuwa amewahi kulitumia. Alimgeukia dada yake, macho yakimwomba.

Dada alikuwa anakamua shuka. Hakumsaidia.